Mtu wa Dar aliyeandikwa barabarani Berlin

Brunnenstraße 193, Berlin. Kando ya barabara, chini kabisa wanapokanyaga watu, kuna kibamba cha shaba ya njano cha sentimita 10 kwa 10. Nilikipita miezi mingi nikiwahi kazini kabla sijainama kukisoma. Kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Nilibaki nimechuchumaa pale, machozi yananilenga.

Alitumikia jeshi la Wajerumani Vita vya Kwanza akiwa bado mtoto, yeye na baba yake. Mwaka 1929 akaja Berlin kudai mishahara yao, akanyimwa. Akakaa, akaoa, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa mahakamani, alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944.

Ndugu zangu nyumbani huniambia Wajerumani walipotoshwa na mwendawazimu mmoja. Mimi nakataa. Hitler aliteuliwa kuwa Kansela na Rais Hindenburg, Januari 30, 1933, kwa utaratibu wa katiba. Machi 23 wabunge wenyewe wakaipa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Waliopiga kura ya hapana ni wabunge 94 wa chama cha Social Democrats tu. Wakomunisti walishazuiwa kuingia, wengi wako jela. Baada ya hapo ni karatasi juu ya karatasi. Ukienda mtaa wa Bayerischer Platz utakuta vibao 80 kwenye nguzo za taa, kila kimoja na amri ya wakati ule: Wayahudi wa Berlin wanunue chakula saa kumi hadi kumi na moja jioni tu, wasifuge mnyama nyumbani. Kila amri ilikuwa na karani wa kuigonga muhuri, muuza duka wa kuitekeleza, na jirani aliyeangalia saa. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko mabomu.

Sasa nyumbani. Sisi tunawakumbuka wafu wetu vizuri kuliko hawa, ndani ya familia: matanga, arobaini, hitma kila mwaka. Hapa jirani yangu alikufa nikajua baada ya wiki tatu. Lakini tukitoka nje ya ukoo, tunanyamaza. Askari wa sanamu pale barabara ya Samora, Dar, ni wa shaba na hana jina. Kariakoo imepewa jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo hadi wakafa kwa njaa na kuhara, nami nimekulia sokoni pale bila kuona jina la mpagazi hata mmoja. Babu mzaa bibi yangu alikuwa miongoni mwao. Hakurudi. Ninataka jina lake liandikwe ukutani pale sokoni, na ya wenzake yanayojulikana, hata kama ni kumi tu.

Novemba iliyopita nilikwenda Brunnenstraße na kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Nikasoma Fatiha, nikasugua mpaka herufi zikawaka. Bibi mmoja Mjerumani akasimama na kikapu chake, akaniuliza kama ni ndugu yangu.

Nikamwambia ndiyo, ni wa kwetu.