Leksa iwe kipofu au ione mbele?

Kabla kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine, haijapima kama programu ina maana, kuna sehemu yake inayopitia herufi moja moja na kuzikata kuwa tokeni: majina, namba, alama. Sehemu hiyo ni leksa. Wabunifu wa lugha hawajawahi kuafikiana: je, ikate tu bila kujali sarufi, au iangalie kwanza mwandishi anaelekea wapi?

Wanaopendelea leksa kipofu wana kanuni moja fupi: chukua tokeni ndefu kuliko zote, kisha songa mbele. Andika a---b kwenye lugha ya C. Leksa inachukua -- (punguza moja) kwanza, halafu - inayobaki, kwa hiyo inasomwa a-- - b, kila siku na kwenye kila kompaila. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kimashine, hata kuiandika kunaweza kuachiwa mashine. Mike Lesk na Eric Schmidt walitoa Lex, programu inayozalisha leksa, mwaka 1975. Na kwa kuwa leksa haisubiri sarufi, kihariri nacho kinaweza kupaka rangi faili ambalo bado limejaa makosa.

Lakini ulafi huo una madhara. Ongeza alama mbili, iwe a-----b. Kwa jicho la binadamu, a-- - --b ni halali kabisa. Leksa inakata --, --, - na kompaila inagoma. Kibaya zaidi ni y = x/*p; ambapo ulitaka kugawanya x kwa thamani inayoelekezwa na p. Leksa imeshaona /*, mwanzo wa maoni (maelezo ya mwandishi ambayo kompaila inayaruka), na inameza kila kitu hadi ikutane na */ mahali fulani huko chini.

Watu wa C++ waliteseka kwa miaka. Kabla ya kiwango cha 2011, vector<vector<int>> (orodha ya orodha za namba) ilikatwa ikiwa na tokeni moja ya >> mwishoni, alama ya kusogeza biti, hivyo ilibidi uandike > > kwa nafasi katikati. Ni aibu, maana nafasi ile haikumsaidia msomaji yeyote.

Basi leksa ione mbele? FORTRAN ya 1957 ilijaribu njia hiyo, kwa sababu nafasi hazikuwa na uzito wowote. DO 10 I = 1,10 ni kitanzi. Weka nukta badala ya mkato, DO 10 I = 1.10, nayo inageuka kuwa kigeu (jina linalobeba thamani) DO10I kinachopewa 1.10. Neno la kwanza haliwezi kukatwa hadi ufike kwenye mkato ulio mbali kulia, na kosa la kidole kimoja linapita bila kelele. Hapo mimi namchagua kipofu bila kusita.

Hata hivyo upofu kamili ni ndoto. Kwenye JavaScript, mkwaju mmoja (/) unaweza kugawanya au kufungua mchoro wa kutafuta maandishi, na leksa peke yake haijui ni upi. Dawa ya C++11 ndiyo ninayoiona ya busara: >> inapofunga mabano ya aina, hatua ya sarufi inaruhusiwa kuihesabu kama alama mbili.

Lugha ya Go nayo inaipa leksa kazi ya kuweka nuktamkato kwa kuangalia tokeni ya mwisho wa mstari tu. Bei yake unaijua ukiandika if x > 0 na kushusha { mstari wa chini: kompaila inakataa, na sababu yake inatosha kwenye sentensi moja: mstari umeishia na namba, hivyo leksa imeshaweka nuktamkato hapo.