Tafadhali Usikate Simu

Mimi na Beethoven, yule mtunzi wa muziki wa kizungu wa zamani, tulikutanishwa na tokeni za stima. Unalipa, pesa zinatoka kwa simu papo hapo, lakini tokeni yenyewe inakuja ikijisikia. Basi unapiga kulalamika. Dada mpole anakwambia simu yako ni ya maana sana kwao, kisha unawekewa piano. Giza totoro, mama watoto ameshika mshumaa, mtoto analilia kazi ya shule, na baba mwenye nyumba anachezewa piano kwa kredo yake mwenyewe!

Mwanzoni nilikuwa nasaga meno. Sisi watu wa benga tumezoea gitaa linaloingia bila hodi. Huu muziki wa wazungu unazunguka boma mara tatu kabla ya kusema kilichouleta. Lakini ukisubirishwa miaka na miaka, hata sikio huchoka kukasirika. Juzi dada alipokea haraka, nikaumia kweli. "Aki dada, si ungewaacha wamalize hapo?"

Nikaanza kuulizauliza. Kumbe kibao kinaitwa Für Elise. Beethoven alikiandika 1810, kikachapishwa 1867, miaka 40 baada ya yeye kuzikwa. Sasa mimi wa tokeni ya mia mbili nitalalamika nini? Halafu masikio yake yalikuwa yakizidi kuziba, hali ambayo mtu yeyote aliyeshuka nganya ya Rongai anaielewa bila kuelezwa.

Kuna mwingine, Mfaransa, Erik Satie. Mwaka 1888 alitoa Gymnopédie ya kwanza, na juu ya karatasi akaagiza ipigwe polepole, kwa uchungu. Hiyo ni Mombasa Road saa kumi na mbili jioni! Siku hizi trela ikilala barabarani nachomeka vidude masikioni, na presha inakaa pale pale ilipokuwa.

Shida ni watu. Jirani wa chini, yule wa subwufa, ambaye Jumamosi usiku hufanya sufuria zangu zitembee kabatini, ndiye amenishtaki kwa keateka. Eti napiga muziki wa matanga. Huyo huyo kila Krismasi hupasuka koo kanisani na Hallelujah ya Handel! Nikamwambia Handel na Bach, mtunzi ninayemsikiliza mimi, walizaliwa mwaka mmoja, 1685, nchi moja, sasa ubaguzi ni wa nini? Akasema hiyo ni tofauti, hiyo ni ya Mungu. Keateka naye, kama kawaida yake, akauliza kodi ya mwezi huu iko wapi.

Na msiniambie ni mambo ya watu wa Muthaiga. Nendeni Korogocho. Ghetto Classics wanafunza vijana violini na tarumbeta huko tangu 2008, jaa la Dandora likiwa pua na mdomo. Mtoto anapuliza tarumbeta kwa pumzi ya moshi ule, na wewe wa South B, mwenye hewa na kapeti, unaniambia huwezi kuelewa.

Jana nikajipa moyo ndani ya matatu. Spika iko chini ya kiti changu, meno yanagongana. Nikamgusa makanga begani, nikamwomba kwa heshima zote, kijana wangu, hebu tuwekee Bach kidogo.

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hatupiti huko. Shuka hapa ushike ya Embakasi."