Tufungulieni Geti la Mtambo wa Maji

Vikombe sita vya kioo vilipangwa mezani, kila kimoja kikiwa na lita moja ya maji ya mto yenye rangi ya udongo. Opereta wa zamu akatia shabu iliyoyeyushwa: kikombe cha kwanza kidogo sana, cha pili zaidi kidogo, hadi cha sita kilichopata nyingi kuliko vyote. Akawasha mashine. Mapanga sita madogo yakazunguka kwa kasi kwa dakika moja, kisha akapunguza mwendo. Kwa muda hatukuona kitu. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasema, "Yanashikana."

Kweli yalikuwa yanashikana. Vumbi la tope, jembamba kiasi kwamba lingeelea siku nzima bila kutua, lilikuwa linakusanyika kuwa mabonge mepesi kama pamba iliyochambuliwa. Mashine ilipozimwa, mabonge yakaanza kuzama. Kikombe cha nne kilitakata hata tukasoma maandishi ya karatasi iliyokuwa nyuma yake. Cha kwanza kilibaki na tope. Cha sita, kile kilichojaa dawa, nacho kilikuwa na ukungu. Opereta akatuacha tujiulize kidogo kabla ya kueleza: shabu ikizidi, chembe zinarudi kusukumana badala ya kushikana. "Ndiyo maana hapa hakuna kukisia," alisema. "Mto ukibadilika saa nane usiku, na mimi narudia jaribio hili saa nane usiku."

Nimekunywa maji ya bomba tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba saa nane usiku kuna mtu amesimama mbele ya vikombe sita kwa ajili yangu. Tangu siku ile nina jambo moja ninalotaka kulisema kwa kila anayesimamia maji ya umma: ziara ya wananchi kwenye mtambo ni sehemu ya huduma ya maji. Si hisani, wala si shughuli ya wiki ya maadhimisho. Iwe kwenye bajeti pamoja na shabu na klorini, na iwe kwenye ratiba ya zamu.

Kuingia pale nilibahatika. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimeiandikia mamlaka nyingine ya maji barua tatu kuomba kutembelea mtambo wake. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ziara ni za wanafunzi tu. Ya tatu ikanipeleka kwenye ofisi ambayo nayo ilinirudisha kwenye ofisi ya kwanza. Iliniuma, kwa sababu sikuwa nataka siri ya mtu. Nilitaka kuona maji yanayoingia mwilini mwangu yanapitia wapi.

Kuwapeleka wanafunzi ni jambo jema na liendelee. Lakini mtoto wa darasa la tano halipi bili, hapigi kura, na si yeye anayeamua kama familia ijenge choo mita ngapi kutoka kwenye kijito. Mtu mzima ndiye anayeamua, na mtu mzima yuko kazini saa nne asubuhi siku ya Jumanne, wakati ambao mitambo mingi hupokea wageni. Siku ya kumkaribisha ni Jumamosi.

Wazo hili si geni. Mwaka 1867, wakati wa Maonyesho ya Dunia, jiji la Paris lilianza kuwashusha watu kwenye mitaro yake mipya ya majitaka, kazi iliyosimamiwa na mhandisi Eugène Belgrand. Wageni walipanda vigari na mashua wakapita chini ya barabara walizozijua. Hadi leo, karibu na daraja la Alma, mtu anaweza kushuka na kutembea ndani ya mtaro unaofanya kazi. Jiji lililokuwa na fahari zote za kuonyesha liliamua kuonyesha na majitaka yake, na watu wakaenda. Nalirudia hili kila ninapoambiwa kwamba wananchi hawapendi mambo ya mitaro.

Japani wanafanya hivyo kwa mafuriko. Kule Kasukabe, kaskazini mwa Tokyo, kuna handaki la kilomita 6.3, kama mita 50 chini ya ardhi, linalopokea maji ya mito midogo inapojaa na kuyapeleka kwenye mto Edo. Mfumo huo ulikamilika mwaka 2006. Mwisho wake kuna tangi lenye urefu wa mita 177 na upana wa mita 78, na dari lake limebebwa na nguzo 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani kama 500. Watu hushuka ngazi kwa makundi, wakiwa na mwongozaji, wakasimama katikati ya nguzo hizo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mvua kubwa ikija, ziara inafutwa, kwa kuwa tangi limeitwa kazini. Aliyepoteza nafasi yake siku hiyo ameshapata somo kabla hajafika.

Uholanzi wana sababu nyingine ya kufungua milango. Kule maji ya kila kanda, yaani mifereji, kuta za kuzuia mafuriko na usafishaji wa majitaka, yako chini ya bodi za maji 21, na wakazi hupiga kura kuchagua wajumbe wa bodi hizo. Utampigiaje kura mtu wa pampu kama hujawahi kuiona pampu? Lango kubwa la Maeslant, karibu na Rotterdam, lililokamilika mwaka 1997, lina milango miwili ya chuma yenye urefu wa mita 210 kila mmoja. Hufungwa mara moja kwa mwaka kwa majaribio, kabla ya msimu wa dhoruba, na watu hufika ukingoni kutazama. Desemba 2023 bahari ilipopanda, lango lilifungwa kwa kazi yenyewe. Wale waliowahi kusimama pale siku ya majaribio walijua hasa ni chuma gani kimesimama kati yao na bahari.

Narudi kwenye mtambo wetu, kwa sababu kuna vitu viwili ambavyo sitaki vipotee.

Cha kwanza ni kuosha chujio. Chujio ni kama chumba kisicho na paa, chini kikiwa na mchanga, na maji hupita juu kwenda chini na kuacha uchafu wake kwenye mchanga. Siku zinavyokwenda mchanga unaziba. Fundi akafunga valvu moja, akafungua nyingine, na hewa ikapigwa kutoka chini. Uso wote wa maji ukachemka. Kisha maji safi yakasukumwa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, na tope la siku nzima likapanda likiwa la kahawia iliyokolea, likafurika kwenye mifereji ya pembeni. Hakuna aliyesema neno. Tulisimama kama dakika kumi mpaka yakaanza kung'aa na mchanga ukaonekana tena. Uchafu wote ule ungekuwa kwenye glasi zetu. Kipeperushi nilichopewa getini kilikuwa na picha ya chujio lile lile, likiwa safi, la buluu, na anga nyuma yake. Picha ile haikunifundisha chochote.

Cha pili ni mabomba manne madogo yaliyopangwa kwenye sinki la maabara, yote yakitiririka bila kufungwa usiku na mchana: maji ghafi, maji yaliyotulia, maji yaliyochujwa, na maji yaliyo tayari kwenda mjini. Opereta akajaza kichupa kwenye bomba la nne, akatia kidonge, akatikisa. Maji yakageuka waridi. Rangi ile huonyesha klorini iliyobaki, ile inayosafiri na maji kwenye bomba ili kuyalinda mpaka nyumbani. Jamaa mmoja aliyekuja amejaa malalamiko juu ya harufu ya dawa aliuliza maswali matano mfululizo na akajibiwa yote, kwa upole, na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku. Mwisho akaomba kichupa akishike mwenyewe. Hakuna tangazo la redio ambalo lingemfikisha pale.

Ndiyo maana nasisitiza mwongozaji awe opereta au fundi. Maofisa uhusiano wana kazi yao na wengi ni watu wazuri, lakini mgeni akiuliza "Na umeme ukikatika?" anastahili kujibiwa na yule aliyewahi kukimbilia jenereta gizani.

Iko mifano mikubwa ya nini hutokea watu wanapoona na wasipoona. Mwaka 2006, mji wa Toowoomba huko Australia, ukiwa katikati ya ukame, ulipiga kura kuhusu kurudisha majitaka yaliyosafishwa kwenye maji ya kunywa. Takriban asilimia 62 walikataa. Sababu zilikuwa nyingi na siasa ilikuwamo, lakini hofu ndiyo iliyobeba kampeni ya kukataa, na hofu ya kitu usichokijua haitolewi kwa takwimu. Wakati huo huo mji wa Windhoek, Namibia, ulikuwa umeshakunywa maji ya namna hiyo tangu mwaka 1968. Kaunti ya Orange, California, ilizindua mtambo wake mwaka 2008, maji yake yakirudishwa ardhini kujaza hazina ya visima, na wageni waliopitishwa hatua zote hukaribishwa kuonja mwishoni. Singapore nayo ilifungua kituo cha wageni mwaka 2003 kwa ajili ya maji yake ya aina hiyo. Hawakungoja watu waogope ndipo wawaite. Mlango na mtambo vilikwenda pamoja.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa usalama. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mitambo mingi ya Marekani ilifunga au ilipunguza ziara, na si hofu ya kudharau: maji ya watu wengi yapo mahali pamoja. Lakini usalama unapangika. Orodha ya majina iandikwe mapema, vitambulisho vikaguliwe getini, kundi liwe dogo, ghala la klorini na chumba cha mitambo ya udhibiti vitazamwe kwa mbali au visitazamwe kabisa. Sisi tulivalishwa kofia na viatu vya mpira, tukaambiwa njia ya kupita, na hatukuiacha. Nisichokikubali ni neno "usalama" kutumika kama kufuli la kila mlango, hata wa maabara.

Kwa sababu kufungika nako kuna hatari yake. Walkerton, mji mdogo wa Kanada, mwezi Mei 2000 ulipoteza watu saba na zaidi ya elfu mbili waliugua baada ya bakteria kuingia kwenye kisima cha mji. Uchunguzi wa umma ulibaini kwamba waliokuwa wakiendesha mfumo walikuwa wakiandika vipimo vya klorini vya uongo kwenye daftari. Sisemi kwamba mgeni wa Jumamosi angeugundua uongo ule; hata wakaguzi hawakuuzuia. Nasema tu kwamba pale ambapo daftari la vipimo liko mezani na watu wa kawaida wanaruhusiwa kuuliza "Namba hii ina maana gani?", kuandika uongo kunakuwa kugumu zaidi. Kwenye ziara yetu niliuliza. Opereta akanigeuzia daftari, akanionyesha mstari wa usiku uliopita ambapo kipimo kilishuka na nini alifanya. Alionyesha bila aibu, na hapo ndipo nilipomwamini.

Na ziara isiishie kwenye maji safi. Tuliomba kupelekwa upande wa pili, kwenye majitaka, na wenyeji wetu walisita kabla ya kukubali. Harufu ipo, ndiyo. Lakini mahali pa kwanza majitaka yanapofika pana wavu wa vyuma, na kilichonasa juu yake kilitunyamazisha: matambara, nepi, mifuko, nywele zilizosokotana kama kamba. Ni vitu vilivyotupwa chooni na watu kama sisi. Majitaka karibu yote ni maji tu, zaidi ya asilimia 99, na kazi ya kuondoa hicho kidogo kilichobaki hufanywa zaidi na bakteria wanaopuliziwa hewa kwenye matangi makubwa. Matambara hawayawezi. Kila asubuhi mtu huenda na reki kuyatoa.

Maji yaliyosafishwa pale hurudi mtoni. Tulisimama kwenye tundu la kutokea na mzee mmoja katika kundi letu akauliza mto ule unakwenda wapi. Fundi akanyoosha mkono kufuata mkondo: mbele yake kuna mji mwingine, nao una chanzo chake cha maji kwenye mto huo huo. Mzee akageuka nyuma, akatazama upande maji yanakotoka, akauliza kama na huko juu kuna mji. Upo.

Tulipoagana nilimwambia fundi kwamba nimeridhika sana. Akaniambia niliyoyaona ni ya siku nyepesi, mto ukiwa umetulia, na kama nataka kuiona kazi yenyewe nirudi wakati wa mvua, siku ambayo kikombe cha nne hakitoshi na inabidi waanze upya. Nimeshaandika barua ya maombi. Nimewataja watu kumi na wawili watakaofuatana nami, wote watu wazima, na nimeomba iwe Jumamosi.