Irabu zinazopanda Lhasa: ziandikwe au zibaki mdomoni?

Neno la Kitibeti la "mchoro" huandikwa ri mo, lakini mtu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, husema rimu. "Msichana" ni bu mo kwenye maandishi. Kwa matamshi ni pumu (si ule ugonjwa wa kifua). Kiambishi hichohicho, mo, kimo katika lha mo, "mungu wa kike", na humo o haitikisiki. Kinachoibadili ni jirani: irabu ya juu, yaani inayotamkwa ulimi ukiwa umeinuka, kama i au u, huipandisha mwenzake. Hili ndilo tangamano la irabu ambalo mwanaisimu R. K. Sprigg alilichambua mwaka 1961.

Anayeandaa kitabu cha wanafunzi kwa herufi za Kilatini ana uamuzi wa kufanya: aandike rimo au rimu?

Kiswahili kilishachagua. Pika hutoa pikia, soma hutoa somea, na hakuna aandikaye "somia". Hoja ya kuandika kinachosikika ina uzito, maana anayesoma rimo atatamka rimo, na maandishi ya Kitibeti, yaliyoanza karne ya 7, hayatamsahihisha.

Ila mfano wetu haufiki mbali. Kwetu kiambishi ndicho hubadilika, mzizi hauguswi. Lhasa tangamano hurudi nyuma pia. Kha ni "kinywa". Katika kha lag, "chakula", a ni a kamili. Katika kha chu, "mate", u inayofuata huivuta a ipande hadi karibu na ə, irabu hafifu ya katikati ya kinywa. Kitenzi 'gro, "kwenda", kikifuatwa na kiambishi gi, o yake huelekea u. Ukiandika yote hayo, mzizi mmoja unavaa sura mbili, na mwanafunzi anaupekua kwenye kamusi asiuone.

Tena kwa kawaida tangamano hukomea ndani ya neno, ilhali maandishi ya Kitibeti hutia nukta kati ya silabi na silabi bila kuonyesha neno linaishia wapi. Mwandishi akikosea mpaka huo, anapandisha irabu isiyostahili au anaiacha inayostahili.

Kwa maoni yetu, viambishi kama -mo viandikwe vinavyotamkwa, kwa kuwa ni vichache na hurudi kila mara. Mizizi iachwe, kanuni ifundishwe kando. Hilo ni kwa wanaojifunza Kilhasa tu: katika lahaja nyingi za Amdo, eneo la kaskazini-mashariki mwa nyanda za Tibeti, i na u za maandishi zimeangukia ə, hivyo rimu haitamfaa mtu anayekwenda huko.