Tukuyu Stars ya 1986 ndo timu bora ya muda wote, anayebisha aje tubishane

Juzi kazini nimeudhika na kitu kidogo tu lakini kimenikaa kooni, ngoja nikiandike.

Saa nane usiku, mapumziko ya shifti, tumekaa kwenye kantini ya ghala huku Nottingham tunakunywa chai. Kijana mmoja wa hapahapa, mtoto kabisa, hajafika hata miaka 25, anabishana na jamaa wa Poland kuhusu timu bora ya muda wote duniani. Jamaa wa Poland anasema ni Barcelona ya Guardiola na hataki kusikia nyingine. Kijana anasema Nottingham Forest, timu ya mji huu, ile ya kocha Brian Clough, na akaanza kushusha kikosi cha fainali ya Ulaya ya 1979 kule Munich, kuanzia kipa: Shilton, Anderson, Lloyd, Burns, Clark, McGovern, Bowyer, Francis, Robertson, Woodcock, Birtles. Hajashika simu, hajakwama popote. Mechi yenyewe imechezwa yeye hajazaliwa, na baba yake nadhani alikuwa bado mtoto mdogo.

Na mimi damu ikachemka nikaingia. Nikawaambia kwetu kuna timu inaitwa Tukuyu Stars, ya mji mdogo wa milimani mvua haikatiki, ilipanda daraja na msimu wake wa kwanza tu ligi kuu, 1986, ikachukua ubingwa wa nchi mbele ya Simba na Yanga. Kijana macho yakamtoka, maana hiyo ni stori ya Forest kabisa, walipanda 1977 tena wakiwa wa tatu daraja la pili, 1978 wakawa mabingwa wa Uingereza. Akasema hebu nionyeshe.

Nikatoa simu. Nimetafuta mpaka mapumziko yanakaribia kuisha. Nilichopata cha kumwonyesha ni picha moja yenye ukungu, vijana wamesimama na wengine wamechuchumaa, chini hamna jina hata moja. Akaitazama, akasema sawa kwa upole, akarudi kwenye ubishi wake na yule wa Poland. Ule upole ndo ulioniuma. Angenibishia ningefurahi, ningejua ameichukulia timu yangu kama timu.

Sasa najua kuna mtu hapo Mbeya, Mwanjelwa au Kabwe, ashaanza kuandika "huyu kafika Ulaya juzi anataka kutufundisha mpira". Ndugu yangu tulia. Mimi nimekulia hapo, nimeingia uwanja wa Sokoine nikiwa mdogo kwa kushika mkono wa mtu mzima nisiyemjua ili nipite getini, mpira wa huko naujua kuliko huu wa huku ambao tiketi yake moja inakula hela ya chakula cha wiki. Na kushangilia hawa jamaa hawatufikii, nawaambia ukweli. Mbeya City ile ya 2013/14 ilivyopanda, watu walikuwa wanaifuata mpaka mikoani, malori na mabasi, jiji zima linaongea kitu kimoja. Sijaona kitu cha namna ile City Ground, uwanja wa Forest, pamoja na nyimbo zao zote. Kwa hiyo sisemi wazungu wanajua kupenda mpira kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba wao wakishaona kitu kikubwa wanakiandika, sisi tunakiona kikubwa kuliko chao alafu tunakiacha kipotee hivihivi.

Clough ana sanamu katikati ya mji hapa, liliwekwa 2008. Barabara ya kutoka hapa kwenda Derby imepewa jina lake. Kwetu toka Mbeya mjini, pita Uyole, pita Isongole, shuka Kiwira, ingia Tukuyu, mimi kwa macho yangu sijawahi kuona hata kibao kimoja cha kusema mji huu uliwahi kutoa bingwa wa Tanzania. Unakutana na ndizi, maparachichi na magunia ya viazi, basi.

Turudi kwenye hoja maana najua ubishi wenu. "Tukuyu imechukua mara moja, Yanga na Simba wamechukua mpaka wamechoka kuhesabu, utalinganishaje?" Ndo hapo tunapokosea wote. Kama ubora wa muda wote ni idadi ya makombe basi hakuna haja ya kubishana, mtu anafungua jedwali anasoma tunaenda kulala. Forest wana ubingwa wa ligi mmoja tu mpaka leo, mmoja! Kombe la Ulaya wanalo mara mbili, 1979 kwa Malmö na 1980 kwa Hamburg, zote moja bila. Na bado ukiwauliza watu wanaojua mpira huku wanakaa kwenye orodha na Liverpool na Manchester United, kwa sababu watu wanaangalia ulifanya nini ukiwa na nini, na dhidi ya nani. Mimi kipimo changu ndo hicho. Chukua ulipoanzia, chukua ulipofika, alafu uliza ni nani mwingine amewahi kutembea umbali huo.

Kwa kipimo hicho nitajie timu. Azam 2013/14 ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi, na ubingwa wenyewe waliumalizia kwetu Sokoine kwa kuifunga Mbeya City mbili moja, bado inauma. Kazi kubwa, naiheshimu, lakini Azam ina tajiri, ina uwanja wake, ina kila kitu. Simba 2009/10 nao hawakufungwa. Simba ni Simba, ukimaliza ligi bila kufungwa ukiwa Simba umefanya vizuri kazi uliyotakiwa kuifanya. Coastal Union 1988, sawa, ila Tanga mpira ulikuwepo siku zote. Mtibwa Sugar 1999 na 2000, hawa ndo wananipa shida kidogo, mara mbili mfululizo kutoka Turiani siyo mchezo, lakini nyuma yao kulikuwa na kiwanda cha sukari na hawakuwa wageni wa ligi. Tangu Mtibwa hao wa 2000 hakuna timu ya nje ya Dar iliyogusa ubingwa tena. Hakuna. Na Mbeya City yetu, na umati wote ule, na kocha Mwambusi kwenye benchi, na kupanda daraja kwa kishindo, ikaishia ya tatu, na sisi tulisherehekea ile nafasi ya tatu kama harusi. Sasa pima hapo Tukuyu walifanya kitu cha namna gani. Ile ile ya kupanda na moto, ila wao wakaenda mpaka mwisho.

"Ah wewe Mnyakyusa unavutia kwenu." Ndiyo navutia kwetu, ulitaka nivutie kwa nani, ila hoja ijibu kwa hoja. Nitajie timu nyingine ya Tanzania iliyopanda na kubeba ligi kuu msimu uleule nitakaa kimya.

Mwingine atasema basi kwa mtindo huo hata Ihefu, ile timu ndogo ya Mbarali iliyoifunga Yanga, ni timu bora ya muda wote. Hapana. Na hii Ihefu nataka niikalie kidogo maana ndo inanitia hasira kuliko zote. Forest hawa walicheza mechi 42 za ligi bila kufungwa, toka Novemba 1977 mpaka mwisho wa 1978, rekodi ikakaa miaka 26 mpaka Arsenal ya Wenger wakaipita 2004, wakafika 49, wakasimamishwa Old Trafford mbili bila. Kila mtoto huku anajua hiyo 49. Sasa Yanga ya kocha Nabi ilicheza mechi ngapi za ligi bila kufungwa? 49. Namba ileile! Na ikasimamishwa wapi? Siyo kwa Mkapa, siyo na Simba. Imesimamishwa Ubaruku, Mbarali, mkoa wetu wa Mbeya, kwenye uwanja wa Highland Estates uliozungukwa na mashamba ya mpunga, tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu mbili Yanga moja. Na msimu uliofuata wakaja tena Ubaruku wakapigwa tena mbili moja. Kwa wenzetu hapo pangekuwa mahali pa kupeleka wageni. Sisi? Timu ikahamishiwa Singida, ikabadilishwa jina, leo inaitwa Singida Black Stars na watu wa Mbarali wamebaki na mpunga wao. Forest waliporomoka mpaka daraja la tatu huku na hakuna aliyewahamisha kutoka pembeni ya mto Trent. Ihefu siiti bora ya muda wote kwa sababu mechi mbili ni mechi mbili, ligi ni msimu mzima. Lakini siku ile ni moja ya siku kubwa kabisa za ligi yetu na ilistahili kubaki na kwao.

Naona mwingine amekuja na hoja nzuri kidogo: "1986 Tanzania bara hatukuwa na televisheni, ungepata wapi hiyo video?" Kweli kabisa, televisheni bara zimeanza 1994, sibishi. Video sidai. Lakini kalamu ilikuwepo. Radio Tanzania ilikuwepo na ilitangaza mpira, magazeti yalikuwepo, Uhuru lilikuwepo, Mfanyakazi lilikuwepo. Matokeo ya mechi zote za msimu ule, nani alifunga, nani alikaa golini, hivyo havihitaji kamera, vinahitaji mtu mmoja mwenye daftari na ofisi moja yenye kabati lisilovuja.

Na angalia wanamichezo wetu ambao dunia inawakumbuka, wote walifanya mambo yao mbele ya saa na kalamu za watu wengine. Filbert Bayi anajulikana kwa 3:32.16 kwenye mita 1500 kwa sababu ilikuwa Christchurch, 1974, aliongoza toka mwanzo mpaka mwisho na John Walker hakumpata. Juma Ikangaa, marathoni ya New York 1989, saa 2:08:01. Hata Samatta, mabao yake 23 ya msimu wa ubingwa na Genk nayapata kwa sekunde mbili, yamehifadhiwa na Wabelgiji, lakini mabao aliyofunga akiwa kinda huko nyumbani nenda katafute uone kazi. Ukubwa wetu wa nje ya nchi una karatasi, wa ndani hauna. Utabishanaje na mtu kuhusu bora wa muda wote wakati nusu ya huo muda umeutupa?

Jumapili nilimpigia mjomba wangu Tukuyu, baada ya shikamoo na habari za mvua nikamwambia mjomba nitajie kikosi cha 86. Akafurahi mno, akaanza haraka, akafika jina la saba akakwama, akamwita jirani yake, jirani akasema beki wa kulia hakuwa huyo uliyemtaja, wakaanza kugombana kwenye simu yangu, hela inaisha, wananisahau kabisa. Wazee wawili waliokuwepo uwanjani wenyewe. Na hao wana umri gani sasa, na wale wachezaji wenyewe wamebaki wangapi?

Kwa hiyo wale wa Tukuyu, Kiwira, Kyela, Busokelo, Mbeya mjini, mnaosema mimi najidai, sawa najidai, lakini nisaidieni. Kama baba yako au babu yako alicheza ile timu, au alikuwa kocha, au aliuza tu karanga pale Sokoine, kaa naye leo na simu yako, rekodi, muulize majina, muulize mabao, muulize walisafiri na gari gani kwenda Dar. Kama ndani kuna picha, ipige vizuri kwenye mwanga, nyuma uandike nani ni nani kuanzia kushoto. Kama kuna gazeti la mwaka ule lipige picha ukurasa kwa ukurasa. Nitumieni inbox, nitapanga mechi moja baada ya nyingine, na pale mnapogombana kuhusu beki wa kulia nitaandika majina yote mawili mpaka atokee mwenye ushahidi.