Amplifaya ya mwanafunzi iachwe iwe ya mwanafunzi

Zile amplifaya ndogo za valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) ambazo Wamarekani waliwatengenezea wanafunzi wa gita, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, siku hizi zinatafutwa sana, na kila anayeipata moja anataka kuibadilisha. Huyu anang'oa spika ya asili, yule anatoboa chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba vipuri, ili aongeze besi, mwingine anaweka transfoma kubwa ili sauti ipande. Mimi napinga. Kwa maoni yangu kazi ya lazima ndani ya sanduku lile ni moja tu: kuhakikisha haiui mtu. Mengine yote yawe ya aina ambayo fundi mwingine anaweza kuyarudisha yalivyokuwa bila kuacha alama.

Kabla ya kushika bisibisi, jua kwanza umenunua nini. Jina la mbele halitoshi. Silvertone lilikuwa jina la Sears na Airline la Montgomery Ward, wafanyabiashara wakubwa waliouza kwa katalogi na kutuma mzigo kwa posta. Kazi yenyewe ilifanywa na wengine. Silvertone nyingi zilitoka Danelectro, kampuni ya Nathan Daniel huko New Jersey. Valco ya Chicago ilitengeneza Supro na National, na hiyohiyo ikawatengenezea Gretsch amplifaya zao na Ward Airline nyingi. Ndiyo maana utakuta masanduku mawili yenye majina na nguo tofauti, lakini ukifungua nyuma saketi ni ndugu wa damu. Zilikuwa bidhaa za bei nafuu kwa mtoto anayeanza, na baadhi ziliuzwa seti moja na gita la Kihawai la kulaza mapajani.

Ushahidi wenyewe uko nyuma ya sanduku. Angalia fremu ya spika, utaona tarakimu zilizogongwa. Tatu za mwanzo ni za mtengenezaji: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 328 ni Utah. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukisoma 220847, hiyo ni Jensen ya wiki ya 47, mwaka unaoishia na 8. Lakini ni 1948, 1958 au 1968? Spika peke yake haiwezi kukujibu. Hapo unahamia kwenye potensiometa ya sauti, yaani kipuri kilicho nyuma ya kitufe cha sauti, na kwenye transfoma, ambazo mara nyingi zina tarakimu za mtindo huohuo, unalinganisha. Amplifaya haiwezi kuwa kongwe kuliko kipuri chake cha asili kilicho kipya zaidi. Kwa amplifaya za Fender, kampuni nyingine ya Marekani, za miaka ya 1950, tafuta karatasi ya orodha ya valvu iliyobandikwa ndani. Ina herufi mbili zilizogongwa muhuri: ya kwanza ni mwaka, ukianza kuhesabu A kuwa 1951, na ya pili ni mwezi. HE ni Mei 1958.

Kagua pia lehemu. Ikiwa nyaya za spika zimeshikwa na lehemu mpya inayong'aa wakati kwingine kote imefifia, spika hiyo ilibadilishwa na tarehe yake haikusaidii kitu.

Kisha soma valvu, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Ukikuta 12AX7 (ya kukuza sauti mwanzoni), 6V6GT (ya nguvu) na 5Y3GT (ya kunyoosha umeme), uko kwenye ukoo wa Fender Champ, amplifaya ndogo ya Fender, kama ile ya saketi ya 5F1 yenye spika ya inchi 8 na nguvu ya wati 5 hivi. Ukikuta 35W4, 50C5 na 12AU6, simama. Namba ya mwanzo ya valvu hizi ni volti za uzi wake wa joto. Jumlisha 35, 50 na 12 upate 97: zimefungwa kwa mfululizo moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba wa Marekani wa volti 117, na zinazobaki zinamezwa na rezista. Hakuna transfoma ya umeme kabisa. Chasisi inaweza kuwa na umeme wa ukutani, nyuzi za gita zimeunganishwa na chasisi, na vidole vyako viko kwenye nyuzi. Amplifaya ya namna hii isipigwe hata wimbo mmoja mpaka ifungwe transfoma ya kutenganisha umeme, yenye koili mbili zisizogusana.

Hata zile zenye transfoma, nyingi zilitoka na waya wa plagi ya miguu miwili na kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) inayounganisha upande mmoja wa umeme na chasisi. Kapasita hiyo ikivuja, ukagusa maikrofoni kwa mdomo huku umeshika gita, unapigwa shoti. Ing'oe. Weka waya wa njia tatu, ethi ifungwe kwenye chasisi kwa bolti yake yenyewe, na fyuzi ikae upande wa laini, yaani waya wenye umeme. Kapasita za kuchuja nazo zimezeeka, zibadilishe, ila ukumbuke kwamba huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Zimwage umeme wake kupitia rezista, upime kwa mita, ndipo uguse. Kwenye Champ ile kapasita ya kwanza ilikuwa ya mikrofaradi 16. Weka 22, usiweke 100, maana 5Y3 haikuundwa kubeba mzigo huo.

Mabadiliko ninayoyaunga mkono ni machache. Kwenye 5F1 kuna rezista ya kilo-omu 22 inayorudisha sehemu ya sauti kutoka kwa spika hadi kwenye valvu ya kwanza. Ifungue upande mmoja na gita linakuwa kali na huru zaidi, ukichoka, irudishe. Jambo lililo bora kuliko yote ni kuchomeka amplifaya kwenye kabati la nje lenye spika ya inchi 12 ya omu 4. Utashangaa wati 5 zinavyojaza chumba.

Lakini kuondoa 5Y3 uweke dayodi, kipuri kidogo kinachonyoosha umeme bila valvu, au kubadilisha transfoma ya kutoa sauti, ni kuiua. Dayodi zinapandisha volti na kuichosha 6V6. Na ule mkoromo mtamu unaotoka ukipiga nyuzi kwa nguvu unatokana na udogo wenyewe: valvu moja ya nguvu, chuma kidogo cha transfoma, umeme unaolegea kidogo halafu unapanda tena. Ukiondoa udogo, umeondoa sauti uliyoinunua.

Kwa wenzangu mnaozipeleka Dar es Salaam au Nairobi: transfoma nyingi za kushusha umeme zinazouzwa madukani zina koili moja tu, kwa hiyo zinashusha volti lakini hazitenganishi umeme. Kwa ile amplifaya isiyo na transfoma, hatari iko palepale. Adapta isiyopitisha ethi nayo inabatilisha kazi yote ya waya wa njia tatu. Tena transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 tu hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, na volti ikizidi joto hilo linaongezeka. Pima volti za uzi wa joto wa 6V6, zinazotakiwa kuwa 6.3. Zikivuka 6.9, tafuta transfoma ya kushusha yenye tundu la volti 110.