Bahari kuu imepata mkataba, mjomba amepata pingu

Tangu Januari watu wananitumia pongezi kana kwamba nimeoa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kulinda viumbe wa bahari kuu umeanza kazi tarehe 17 Januari 2026, na kwa kuwa mimi ndiye kichaa wa matumbawe kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo, nimetumiwa video ileile ya kasa na muziki wa kinanda mara kumi na moja. Ahsanteni. Nimefurahi, kweli.

Ila wiki hiyohiyo mjomba wangu alikuwa ndani, Kenya, upande wa pili wa mpaka.

Alitoka kijijini Moa, huku kwetu Tanga, alfajiri na ngarawa yake, vijana wawili, mitego ya dema na mishipi. Hakupotea. Mjomba hajawahi kupotea baharini. Yeye hupotea Kariakoo. Alikwenda kwenye mwamba anaovua tangu akiwa mtoto, pamoja na ndugu wa mama yake wa Vanga, Kenya. Askari walipomfikia alitoa leseni yake, kaifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni isilowe (mfuko ambao nao siku hizi ni kosa pande zote mbili, lakini hilo hawakuliona). Wakamwambia leseni hii si ya huku. Yeye alikaa siku nne, ngarawa ikakaa tisa. Changu wake tusiulize walikwenda wapi.

Sasa nifafanulieni. Bahari kuu inaanza baada ya maili 200 kutoka pwani, huko ambako hakuna mama anayeteremka na ndoo kuchokoa pweza bamvua likifika. Huko nchi zaidi ya 80 zimeridhia, na nyingine zinazidi kujiunga. Lakini mwamba ambao Wavumba, Wadigo na Wasegeju wa pande zote mbili wanaula pamoja, wanaozeshana na kuzikana, huo tumeushindwa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba tulishaandikiana! Tanzania na Kenya zilibadilishana barua za mpaka wa baharini, Desemba 1975 na Julai 1976. Humo ndani, kwa maneno yasiyohitaji wakili, walikubaliana kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa kujikimu waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi itambue leseni za wavuvi hao wa mwenzake. Leseni! Ileile ya kwenye nailoni. Julai 2026 ndiyo miaka 50 ya makubaliano hayo. Keki ataagiza nani?

Najua kuna atakayesema mjomba na ngarawa yake si habari ya matumbawe, ni habari ya uhamiaji. Hapo ndipo tunapokosana. Mvuvi anayejulikana anakuja mchana, anashukia dikoni, anapima samaki wake, anaambiwa mwamba ule umefungwa mpaka mwezi fulani, naye anasikia. Ndivyo dago, kambi ya wavuvi wageni, lilivyokuwa: mgeni anapokelewa na wazee, anaonyeshwa pa kutia nanga na pa kutogusa. Akivunja adabu hana pa kulala. Mvuvi anayewindwa anakuja usiku, hana haja ya kujua kipi kimefungwa. Anatupa nyavu yoyote aliyonayo, nanga anaishusha juu ya tumbawe kwa sababu hana muda wa kutafuta mchanga, na anaondoka kabla hakujapambazuka. Mwamba gani utapona kwa uvuvi wa mbio namna hiyo?

Angalia pweza. Pemba kuna vijiji vinafunga mwamba miezi mitatu hivi, pweza ananenepa upesi, siku ya kufungua ni kama Idi. Jambo zuri mno. Lakini mpakani ukifunga upande mmoja peke yako, unamnenepeshea jirani ambaye hata hakuambiwa. Wazee wa Moa na wa Vanga wangefunga siku moja na kufungua siku moja kwa simu mbili tu. Leo wakitaka kukutana rasmi kwa jambo hilo, subiri wapate barua, na mwezeshaji, na chai ya saa nne.

Tena mkondo wa kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Mayai ya samaki na ya matumbawe yanayotoka huku Tanga na Pemba hayasimami kijiji cha Jimbo mpakani kugongewa pasipoti, yanaelea mpaka hifadhi ya Kisite, Kenya, na mbele. Kwa hiyo Mkenya anayemlinda mvuvi wa Moa asiharibikiwe analinda kitalu chake mwenyewe.

Haya, nikubali yanayonibidi kukubali. Askari wale hawana wazimu. Sisi Tanga tuna historia ya baruti, na mwamba uliopigwa baruti ni kifusi, mjukuu wako ndiye ataona kama utarudi. Mtu aliyesikia ile milipuko ana haki ya kumtazama mgeni mara mbili.

Na joto, joto halizuiwi na wazee wa Moa. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka pwani nzima. Mjomba anasema alipochungulia chini aliona mwamba umevaa sanda. Ikaja 2016, ikaja 2024. Hapo nahitaji wakubwa wa dunia na moshi wao wakae mezani, hata kama ni hotelini, hata kama chai ni ya saa nne. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari yetu hii ulitiwa sahihi 1985, katika mji usio na hata kaa, ukaanza kazi 1996. Mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi alikuwa darasa la nne. Bado, afadhali upo.

Jumapili nilimchapishia mjomba kile kifungu cha 1976, nusu ukurasa. Alikisoma mara mbili, akakikunja, akakitia kwenye nailoni pamoja na leseni. Halafu akakitoa tena, akakigeuza nyuma, akaniuliza:

"Mbona hakina muhuri?"